Kabla ya Roli za Jumamosi

Jumamosi saa moja asubuhi gari litapanda kwenye roli,
litakimbia bila kwenda mahali,
na Madamu Feza Kyungu atalipima nguvu
kwa mashine aliyoivusha Kasumbalesa vipande vipande,
kila kipande na karatasi yake,
kila karatasi na mkono ulionyooshwa.

Leo Jumatano. Mezani, kando ya bukari iliyopoa,
masanduku matatu.
Hakuna hata moja linalozidi tofali.
Hakuna hata moja ninaloweza kulilipa bila kuuza kitu.

La kwanza ni dogo, halikati waya.
Linakaa begani mwa ubongo wa zamani na kunong'ona:
hewa ni kidogo, ndugu, usihangaike,
na ubongo unaamini, unapima petroli kwa kipimo cha uongo.
Placide analo. Linakwenda vizuri, anasema.
Placide pia ana pistoni iliyotoboka,
anakung'utia humo majivu ya sigara.

La pili limetoka Ndola, limetumika, bei ya urafiki.
Ndani yake kuna ramani ya gari la mtu mwingine
na neno la siri la mtu huyo.
Tumempigia mara tisa. Mkewe anasema amehamia Solwezi.
Nikilichukua nitakuwa mpangaji katika injini yangu mwenyewe,
nabisha hodi kwa mwenye nyumba asiyekuwepo.

La tatu ni jipya, linanuka plastiki.
Linataka waya zote zing'olewe, sabini na mbili,
linataka sindano za mafuta zipimwe upya,
linataka dola ambazo nikizitaja shemeji yangu hucheka.
Lakini lina sikio.

Baba alikuwa na sikio.
Miaka ishirini na sita kwenye tanuru la shaba
ilimla la kushoto; la kulia alilitunza kwa ajili ya injini.
Aliegemeza bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa,
akafumba macho.
"Inagonga," alisema. Sisi hatukusikia kitu.
"Inagonga kama mgeni mwenye aibu. Zimeni."
Tulizima.

Mara moja hatukuzima.

Na petroli ya hapa ni bahati nasibu:
leo ya pampu, kesho ya madumu, keshokutwa Mungu anajua,
ikinusa joto la turbo inawaka kabla ya cheche,
na kile kinachogonga hakingoji ufungue.

Nikampigia Madamu Feza: lipi bora?
Akasema, "Unaniuliza viatu, safari hujaitaja."
Nikaitaja: barabara ya Likasi, jua kali, petroli yoyote itakayopatikana.
Akanyamaza. Nilisikia kompresa ikizimika nyuma yake.
"Hilo la tatu naweza kulisoma. La Ndola siwezi,
na siku ya roli si siku ya shule.
Saa yangu unailipa hata nikiwa chini ya dashibodi
natafuta waya wako."

Basi rimu za kromu zimekwenda Katuba,
kwa kaka wa bwana harusi aliyezihesabu mara mbili
kana kwamba zingeweza kuwa tano.
Gari limekaa juu ya matofali, limeaibika kidogo.
Kwa roli nitaazima magurudumu ya Placide.

Alhamisi, Ijumaa: waya sakafuni,
kila mmoja na kipande cha plasta kutoka dispensari ya dada.
Numbi, ana miaka sita, anaandika herufi ninazomtajia,
N zake zote zimegeukia upande mwingine.
Huu wa maji. Huu wa hewa. Huu wa cheche ya tatu.
Huu mnene unaokwenda kwenye sikio,
nimeufunga kwa mikono yangu, nikaukaza, nikalegeza, nikaukaza tena.

Umeme umekatika saa nne, ukarudi saa sita.
Bisibisi ya baba iko mfukoni. Sijui kwa nini nimeichukua.

Waya zote zimepata mahali pake
isipokuwa mmoja, wa kijani, mwembamba,
ambao kwenye kitabu haumo.
Plasta yake inasema N, imegeuka.
Numbi amelala.
Ni saa tisa usiku.