Kufuli

Msitu wa Ipole ni wa serikali,
yaani wa wote,
yaani wa mwenye mkono mrefu.
Mwaka juzi niliacha nyavu za kanga juu ya mtundu.
Nikarudi, kamba imekatwa safi,
kama kitovu cha mtoto.

Nikanunua mnyororo Sikonge, na kufuli la shaba,
bei ya majogoo wawili. Kalunde akacheka:
"Unafunga mti usikimbie?"
Nikafunga. Nyavu, mkuki wa baba, kibuyu,
vyote kwenye shina la mninga.
Kibali nikakikunja, nikakitia mfuko wa shati.

Masika yakaziba njia wiki tatu.

Niliporudi, mkuki upo.
Nyavu zipo, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.
Kibuyu kimejaa maji, ya mvua au ya mtu, sijui.
Kilichoibwa ni mnyororo na kufuli.

Hakuvunja kitu. Makufuli ya gulio lile
ni ndugu, ufunguo mmoja huyafungua yote.

Wangu bado uko shingoni.
Usiku nikigeuka unagonga mfupa,
nami nawaza: mlango wa nani
unalala umefungwa kwa shaba yangu,
na mwenyewe anajua
kwamba naweza kuingia?