Mabati Ishirini na Mawili

Kule Machame mbingu unaipata vipande vipande
kati ya majani ya migomba,
na upepo ukija huja umechoka,
umeshagombana na miti njia nzima.
Mama mkwe aliniambia: huko tambarare mnakokwenda
hakuna mlinzi.
Nikadhani anasema wezi.

Tulijenga Tindigani, mwaka wa lile deni la ushirika:
vyumba viwili, mabati ishirini na mawili, geji thelathini.
Ndekirwa, mume wangu, asiyeamini hata ngazi ya mtu mwingine,
akaandika kwa rangi nyekundu, upande wa ndani,
namba ya kila bati,
"ili yakiibiwa tuyajue."

Januari vumbi husimama lenyewe na kutembea.
Visulisuli: nimewahi kuhesabu saba kabla ya chai,
vyembamba kama moshi wa mtu anayechoma taka,
vikivuka barabara bila kuangalia magari.
Watoto huvikimbilia na kandambili mkononi,
huvitupia katikati wakiita, shetani, kalipe ushuru!
Nami nilicheka.
Kandambili moja haikurudi.

Kisha ile Jumanne ya Machi.
Mchana joto lilitukalia kifuani kama mtoto mgonjwa.
Punda wa Saning'o walikataa maji.
Upande wa Meru kukawa na rangi ya jeraha la siku ya tatu,
zambarau, kijani kidogo, njano kingoni,
na chini ya wingu kitu kikaning'inia.
Kamba. Mkonga. Sikupata neno.
Marehemu baba angesema chamchela,
na angelisema akiwa ameshaingia ndani.

Mimi nilisimama. Nakiri.
Unga ungoni, jua limezimwa,
nikasimama mlangoni kutazama
jinsi kinavyotembea: hakikimbii,
kinachagua.
Kikaacha kibanda cha nyasi cha mama Kiwia,
kikachukua mgunga pamoja na kivuli chake,
kikala mabaki yote ya mnada wa jana,
samadi, pumba, risiti.
Na sauti yake si ngurumo; wanaosema ngurumo hawakuwepo.
Ni mashine ya kusaga isiyo na nafaka ndani,
jiwe juu ya jiwe.

"Uvunguni!" Ndekirwa akanivuta kwa kanga.
Tukalala na kuku wawili na gunia la mbegu.
Mvua ya mawe ilitangulia, kila jiwe na hasira zake,
kisha masikio yakaziba,
kisha kati ya chaga za kitanda nikaona mbingu:
godoro nalo lilikuwa limeaga.

Dakika nne, labda. Ndekirwa anasema saa.

Jioni tukatembea uwandani na ndoo ya misumari
tukiita namba kama mwalimu na daftari la mahudhurio.
La tano, kwenye alizeti. La kumi na moja, uzioni,
limejikunja kama karatasi ya karanga.
La pili lilikutwa karibu na barabara ya uwanja wa ndege;
Saning'o alilibeba kichwani kilomita sita
na hakudai hata soda.
Tukapata ishirini na moja.
La kumi na tisa halikuitika.

Nalijua lilipo. Mwaka wa pili huu.
Limefunika banda la mbuzi la jirani nisiyemtaja,
matundu ya misumari yetu yamezibwa kwa lami.
Namba niliiona nilipoinama
kumsaidia mbuzi wake aliyeshindwa kuzaa;
mikono imejaa damu, shingo juu, nikasoma.
Sikusema. Yeye siku ile alizika ng'ombe wawili,
na mabati yake hayakuwa na namba za kuitwa.

Lakini usiku mvua ikianza
hufika kwake kabla ya kufika kwetu,
na kabla Ndekirwa hajageuka kitandani
nalisikia, peke yake, kule gizani,
likiitika.