Povu la Baba

Baba alikuwa na neno moja la kufunga mazungumzo:
boldadashi.
Redio ikitangaza theluji, boldadashi.
Kasisi akikemea wavivu,
baba, safu ya tatu kutoka nyuma,
boldadashi, kwa sauti ya kusikika,
na mama akimfinya paja.

Pale Kendal hakuna mwingine aliyelitumia tena.
Lilikuwa neno la watu wa saa za mfukoni,
limechakaa kama kola ya shati lake la Jumapili.

Daktari alitundika picha ya moyo wake kwenye taa,
akasema, Bwana Braithwaite, labda miezi sita.
Baba akavaa kofia. Akalisema. Akatoka.
Aliishi wiki tano.

Baada ya mazishi nilikwenda maktaba,
mvua ikinisindikiza hadi mlangoni,
nikafunua kamusi nene kama tofali.
Kumbe miaka mia nne na ushei iliyopita
neno hili lilikuwa povu.
Povu tu, kama lile linalomtoka mbishi.
Kisha likawa kinywaji: maziwa ndani ya bia,
bia ndani ya divai,
chochote kilichotiwa ndani ya kisicho mwenzake.
Kisha likapanda kutoka kikombeni hadi mdomoni,
likawa maneno yaliyokorogwa,
pumba, porojo, upuuzi wa baba.

Na kabla ya povu?
Nikateremsha kidole ukurasani.
Huyu anawashuku Wawelishi na soga zao,
yule anawataja Wadenishi na neno lao la kishindo,
na mwishoni, kwa herufi ndogo za aibu:
asili haijulikani.

Wazee wote wale wa vitabu, na ndevu zao,
wamefuata nyayo hadi ukingoni mwa maji
wakageuka.
Nilijua baba angewaambia nini.

Usiku nilifungua chupa yake ya mwisho ya bia nyeusi,
nikaimimina kwenye glasi ya maziwa.
Yakakatika papo hapo.
Unafanya nini, Thirza? mama akauliza.
Nikanywa. Ilikuwa mbaya, mbaya kabisa.
Akanipokonya, akapiga funda moja,
akatema kwenye sinki,
akafuta mdomo kwa mkono wa gauni jeusi,
akakitazama kile kiti kilicho wazi

na kwa mara ya kwanza maishani mwake
akalisema.