Sakafu ya Elspet Budge

Caithness, kaskazini mwa Uskoti,
sakafu ya jikoni ina mawimbi.
Si ya rangi. Yamo jiweni,
makunyanzi ya ziwa lililokauka
kabla hajawapo mtu wa kulitaja.

Tope lilitua. Tope likalaliwa na tope.
Uzito ukalikamua maji, tone kwa tone,
chokaa ikapenya baina ya punje na punje
kama uji unaoganda sufuriani,
hata kilichozoea kuteleza kikagoma.

Wasemao bandu bandu huisha gogo
hawakuziona bandu zikirudi.

Elspet anapiga magoti, anasugua.
Maji ya ndoo yanatafuta mifereji yao ya zamani,
yanaipata.

Mchanga wa viatu vya mumewe
anaufagia nje, kwenye mvua iendayo baharini:
"Haya, nenda ukaanze."