Safu ya Maelezo

Saa tatu kamili asubuhi
napita nyuma ya vyoo vya shule, Tongoni,
hadi kwenye uzio wa waya, hatua nne kwa nne.
Ndani yake mkebe wa bati, faneli, chupa.
Na mimi, Mwalimu Mnyamisi, somo langu Hisabati,
na daftari la safu tatu:
Tarehe. Milimita. Maelezo.

Leo siku ya thelathini na nane ya vuli isiyokuja.
Naandika sifuri. Sifuri nayo ina mwandiko:
za Oktoba nilizichora mviringo, kwa subira;
za Novemba zimekaa kama mayai yaliyokanyagwa.

Watu hudhani napiga ramli.
Shekiondo wa dukani huniuliza akipima sukari, "Lini?"
Namwambia mimi hupima iliyokwisha kunyesha.
Hucheka. Yeye pia ana kipimamvua,
daftari la mikopo; likifika ukurasa wa sitini
huna haja ya kuuliza masika yalikuwaje.
Harusi ya binti wa Kiluwa imesogezwa mara mbili:
mahari bado iko ardhini, haijaota.

Redioni walisema wastani hadi chini ya wastani.
Maneno ya watu waangalifu, siwalaumu;
wanapima joto la bahari huko mbali,
wanajumlisha, wanagawa, wanatuachia asilimia.
Ila asilimia haisemi shamba la nani
liko upande wa sitini, la nani upande wa arobaini.
Bi Mchande huhesabu miongo tangu Nairuzi,
kumi kwa kumi, kwa kokwa za ukwaju.
"Hesabu yangu iko sawa," alisema juzi, kwa hasira.
"Mwaka ndio uliokosea."
Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa.
Haya ya siku hizi yanapita kwenda Usambara
kama wageni waliokosea nyumba.

Ijumaa walipotoka uwanjani kuomba mvua
"amina" ilififia safu za nyuma,
waliposimama watu wa chumvi.
Wifi yangu Mwanasha ana majaruba kumi na moja;
manyunyu ya usiku mmoja, na jua la wiki mbili linayeyuka.
"Nawaombea wenzangu," aliniambia, akikwangua.
"Ila polepole."

Kisha Jumanne chupa ikawa na maji.
Mkono ulinitetemeka. Nikamimina kwenye bomba la kupimia,
nikainama hadi jicho likalingana na mstari:
ishirini.
Si kumi na tisa nukta nane. Si ishirini nukta tatu.
Ishirini kamili,
na mchanga chini ya viatu vyangu mkavu kama unga.

Miaka sita nimepima.
Mbingu haijawahi kunipa namba kamili.
Mbingu haina rula.

Darasa la Tano, nikatazama sketi.
Ya Zaujia ilikuwa imelowa pindoni.
Hakukana.
"Bwana shamba alimwambia baba, ikifika ishirini ndiyo apande.
Asipopanda anakwenda Handeni, machimboni.
Basi ni Alhamisi."

Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma bomba lile.
Alipima vizuri.
Kosa lake lilikuwa usahihi.

Safu ya pili niliandika sifuri.
Kalamu ikasimama kwenye safu ya tatu
ambayo kwa miaka yote haikupata zaidi ya
"umande", au "ngurumo, mbali".
Nikaandika: Maji ya kisima.
Yamebebwa na mtoto, takriban mita mia nne.

Makao makuu hawajauliza.

Alhamisi basi liliondoka.
Jumamosi usiku bati likaanza kusema,
kidogo, kama mtu anayetafuta funguo,
na ufukweni taa ya Mwanasha ikakimbia huku na huku.

Jumapili, saa tatu. Shule imefungwa.
Zaujia yuko nje ya uzio, vidole vimeshika waya.
"Sita nukta nne," nikamsomea.
Akafumba macho, midomo ikacheza, akatoa:
"Bado kumi na tatu nukta sita."