Basi la Kwenye Skrini

Miaka mitatu waliutangaza mchezo huu:
jiji zima, abiria elfu, kila mmoja na safari yake.
Kibaya chajitembeza, nilijua,
na bado nililipa kabla haujaiva.

Usiku huu mvua ya Sunderland yagonga dirisha.
Kwenye skrini pia inanyesha,
ila hailowanishi mtu.
Kituoni bibi yuleyule amesimama mara kumi na moja,
mkoba uleule, hapandi, haondoki.
Nikapiga honi. Basi likazama ndani ya lami
taratibu, kama biskuti kwenye chai.

Shemsa akacheka hadi akakohoa:
“Baba, kwani kazini hukuchoka?”

Nikazima.
Alfajiri naingia zamu. Bi Maureen atapanda,
atahesabu peni zake mojamoja, foleni nzima ikinuna,
kisha aniulize, kama ada, nimekula nini.