Mate na Pamba

Orodhani iliandikwa «Soko la Usiku, Ghent, 1858»
na watu wakaja kulisifu giza:
Maertens, walisema, alilijua giza,
kiza kinene, rangi ya asali iliyoungua.

Mimi si mjuzi wa sifa. Ninasafisha.
Naviringisha pamba kwenye kijiti,
nailowesha ulimini. Ndiyo, mate,
bado sijaona dawa iliyoyashinda
mate ya asubuhi, kabla ya kahawa.
Nazungusha, nazungusha,
mahali padogo kama kucha.

Jumatatu nikapata kabichi.
Jumanne kofia ya mwanamke, na utepe wake.
Alhamisi pamba ikatoka nyeusi tii:
moshi wa mishumaa, wa biri, wa makaa
ya tajiri aliyeitundika picha juu ya meko
akila chini yake miaka arobaini,
na nyuma ya moshi huo, buluu.

Nikamwita Godelieve. Akavaa miwani.
«Mbingu,» akasema.
«Saa nne asubuhi. Labda na nusu.»

Kumbe ulikuwa mchana, mchana kweupe,
na tuliupigia makofi uchafu wetu wenyewe.

Sasa soko zima limefumaniwa.
Mbwa ana mfupa asiopewa na mtu.
Mvulana ana mapea mawili ndani ya shati,
anatutazama sisi, si mwenye mapea.
Na muuza mikunga
(wale wa mtoni, si wazalishaji)
chini ya taa kali, hapo nisipopagusa bado,
nimemwona: gumba lake
limelala juu ya sahani ya mizani.

Bibi yangu Romanie aliuza mikunga uwanja huohuo.
Alikuwa na gumba pana, na watoto saba.
«Mizani haisemi uongo,» alituambia,
akipangusa utelezi kwenye aproni.
«Husaidiwa tu.»

Mkurugenzi ana kadi elfu tatu za «Usiku»,
zimeshachapwa, zimeshalipiwa.
Ameniuliza kwa upole, mlango ukiwa umefungwa,
kama naweza kurudisha giza kidogo.
Nimemkatalia.

Lakini desturi yetu sisi wasafishaji
ni kuacha kipande kimoja kama kilivyokuwa,
ukubwa wa stempu, kiwe shahidi.
Wenzangu hukiacha pembeni, karibu na fremu.

Changu kiko katikati ya picha,
juu ya sahani ya mizani.
Atakayeuliza
nitamwambia ni kivuli cha kapu.